Urithi wa Makosa: Vugha na Salem

Mtu asimamaye juu ya jabali la Irente, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto, huona chini yake tambarare ya Mazinde imetandazwa kama jamvi, na nyuma yake huwa ameiacha milima ya Usambara yenye migomba na ukungu. Mlima na tambarare hiyo ni kurasa mbili za kitabu kimoja. Juu, upande wa Soni, ndiko uliko Vugha, mji wa wafalme wa Kikilindi, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala mpaka alipofariki mwaka 1862. Chini, kando ya njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani, ndiko mwanawe Semboja alikoweka makao, akafanya biashara ya pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Mfalme mzee alipoondoka duniani, nguvu za tambarare zilipanda mlimani. Shekulwavu, mjukuu aliyerithi kiti, akafukuzwa Vugha, Wabondei wakaasi, na watu waliokuwa raia wa mfalme wakawa bidhaa sokoni.

Mambo hayo yamepita zamani. Waliouza wamekufa, na waliouzwa wamekufa. Basi yafaa kuuliza: je, makosa yale yalikufa pamoja na wenyewe, au yamo bado mikononi mwa mtu? Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kwamba ni haki wa kwao wale janga hilo. Walisema tu kwamba hulila. Katika insha hii nataka kulipima swali hilo kwa mizani ya waandishi wawili waliorithi historia nzito, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mwandishi wa Habari za Wakilindi. Wa pili ni Nathaniel Hawthorne, mtunzi wa riwaya wa Marekani. Hawakujuana, wala hawakusomana. Lakini wamewekewa mlango mmoja wa kupita, nao ni huu: mtu aandike nini juu ya waliomtangulia, iwapo waliomtangulia walidhulumu?

Nianze na wa mbali. Hawthorne alizaliwa Salem, katika jimbo la Massachusetts, tarehe 4 Julai 1804. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Wapuritani, yaani Wakristo wa Uingereza walioliona kanisa la nchi yao kuwa halijatakaswa vya kutosha. Wengi wao walivuka bahari katika miaka ya 1620 na 1630 wakikimbia bughudha, nao walipopata nchi ya kutawala wakawabughudhi wengine. William Hathorne, babu wa kale wa mwandishi huyu, aliyefika mwaka 1630, alikuwa hakimu aliyewaadhibu kwa viboko watu wa dhehebu la Marafiki, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi magharibi ya Kenya. Mwanawe, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu waliowahoji washitakiwa wa uchawi katika mwaka 1692. Katika kesi zile watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, aliyekataa kuzijibu hoja za mahakama, alirundikiwa mawe mazito kifuani mpaka akakata roho. Msomaji wa Afrika ya Mashariki asiyacheke mambo hayo kama upumbavu wa Wazungu wa kale. Katika nchi yetu wenyewe vikongwe wameuawa kwa macho yao mekundu tu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni.

Hawthorne hakumpiga mtu kiboko wala hakumhukumu mtu kitanzi. Lakini aliishi katika mji ambao kaburi la hakimu lilikuwa karibu na nyumba yake, na jina la hakimu lilikuwa jina lake. Aliliongeza herufi moja jina hilo, Hathorne likawa Hawthorne, na wengi wamedhani kwamba alitaka kujitenga kidogo na wazee wake. Ikiwa ndivyo, herufi moja haikutosha. Katika dibaji ya riwaya yake ya The Scarlet Letter, iliyotoka mwaka 1850, aliitwaa aibu ya wazee hao akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaomba laana yoyote waliyoichuma iondolewe. Kisha akatusimulia habari za Hester Prynne, mwanamke aliyezaa nje ya ndoa, naye akalazimishwa na wakuu wa mji kuvaa kifuani herufi nyekundu ili kila amwonaye ajue kosa lake. Baba wa mtoto alikuwa mchungaji aliyeheshimiwa, aliyehubiri juu ya dhambi huku ameificha yake. Mwaka uliofuata akatoa The House of the Seven Gables, riwaya ya nyumba ya fahari iliyojengwa juu ya kiwanja cha maskini. Mwenye kiwanja alinyongwa kwa tuhuma ya uchawi, na aliyeshadidia anyongwe ndiye aliyekuwa akikitamani kiwanja. Vizazi vya tajiri huyo vikakaa katika nyumba ile kwa hofu na ufukara, kana kwamba kuta zenyewe zilikuwa zinadai.

Sasa nirudi Usambara. Abdallah bin Hemedi hakuwa Mkilindi. Alikuwa Mwislamu, mtu wa pwani kwa malezi na kwa lugha, aliyewatumikia watawala wa Usambara, hasa Semboja, na baadaye akapata kazi chini ya Wajerumani. Kitabu chake kilichapwa kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907 na wamisionari Waingereza wa Magila, yaani Msalabani, katika nchi ya Bonde. Hebu tuyatazame hayo kwa makini. Kitabu cha Mwislamu kilipigwa chapa na Wakristo, tena katika nchi ya Wabondei, watu walewale waliowainukia Wakilindi kwa silaha. Na katika mwaka huohuo wa 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja aliyetawala Vugha. Ufalme ulikuwa unaingia kaburini wakati habari zake zinaingia kitabuni.

Hawthorne alirithi kwa damu. Abdallah alirithi kwa chakula. Mmoja aliwaandika babu zake, mwingine aliwaandika mabwana zake. Ni rahisi kudhani kwamba urithi wa damu ndio mzito zaidi. Mimi sioni hivyo. Damu haichaguliwi na mtu, bali chakula huchaguliwa, na mkono ulioingia katika sahani ya mfalme unajua nyama ile imetoka wapi.

Tazama sasa jinsi Abdallah alivyoanza. Hakuanza na enzi, alianza na jino. Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, alizaliwa katika nchi ya Nguu, na meno yake ya juu yaliota kwanza. Kwa mila ya wakati ule mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mleta balaa, asiyestahili kuishi. Mbegha aliachwa akaishi, lakini ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu ya jino lile. Akatoka na mbwa zake akawa mwindaji wa nguruwe. Alipofika Kilindi akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa mahali hapo. Kijana yule akauawa na nguruwe katika mawindo, na Mbegha akakimbia tena. Ndipo alipoingia Usambara, akawapa watu nyama, akawaondolea wanyama walioharibu mashamba, akawaamulia ugomvi wao. Alipofika Vugha akaua simba, na watu wakamfanya mfalme.

Jino la Mbegha na herufi ya Hester ni alama za namna moja. Jamii humtia mtu alama ili iweze kumtoa kwake bila kuumwa na dhamiri. Hester alitenda jambo, na Mbegha hakutenda lolote, lakini katika hadithi zote mbili aliyetiwa alama huja kuonekana bora kuliko waliomtia. Hester akawa mfariji wa wanawake wenye huzuni, na Mbegha akawa mlishaji wa nchi. Hata hivyo, jambo linalonishughulisha ni lile lililofuata. Ukoo wa aliyenyimwa urithi ulifikia siku ya kuwanyima wengine uhuru wao. Koloni la waliokimbia bughudha lilifikia siku ya kusimika miti ya kunyongea. Twapenda kuamini kwamba aliyeonja dhuluma hawezi kudhulumu. Vugha na Salem zakanusha imani hiyo. Kumbukumbu ya maumivu yetu wenyewe haitufanyi kuwa waadilifu. Mara nyingi hutupa tu sababu ya kudai kwamba hatuwezi kukosea. Ndiyo maana mwanzo ule wa jino una nguvu kitabuni. Msomaji aliyemwona Mbegha akifukuzwa hawezi kuwasoma wajukuu wake wakiuza watu bila ya kuuliza: wamesahau?

Basi, je, wajukuu wa wajukuu wana hatia? Hapa waandishi wetu walitoka katika mafundisho mawili yasiyofanana. Wapuritani waliamini kwamba dhambi ya mtu wa kwanza imo katika kila azaliwaye, hata katika mtoto mchanga. Uislamu, dini ya Abdallah, hufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Katika jambo la hatia nasimama na fundisho la pili. Hatia ni ya mtenda, wala haipiti katika damu kama umbo la pua. Anayemwambia mtoto wa leo kwamba ni mwuaji kwa kuwa babu yake aliua, anarudia kosa la wale waliomwogopa kigego: anamhukumu mtu kwa alama aliyozaliwa nayo.

Lakini kusema hivyo si kumaliza maneno. Tuchukue mfano ambao kila mtu wa milimani ataufahamu, kwa kuwa ardhi ya Usambara ni haba na kila kipande cha mteremko kina mwenyewe. Mtu anampokonya jirani yake shamba kwa hila. Analilima, analijengea matuta, anapanda migomba, kisha anakufa. Mwanawe analirithi. Mwana hakuiba. Lakini ndizi anazokula zatoka katika shamba lile, na watoto wa jirani wanalima vibarua kwa wengine. Siku mwana atakapoambiwa ukweli, afanye nini? Akisema, "Sikuiba mimi," amesema kweli. Akiishia hapo, kunyamaza kwake juu ya yaliyosalia ndiko kunakoanza kuwa tendo lake mwenyewe. Hatia ya baba ilizikwa na baba, faida haikuzikwa. Na pale faida inaporithiwa, deni nalo hurithiwa, hata kama mrithi ni mtu mwema. Hili ndilo Hawthorne aliloliona katika nyumba yake ya riwaya: waliokaa ndani hawakuwa wanyang'anyi, lakini kiwanja kilikuwa kilekile.

Deni hilo hulipwaje? Hapa ndipo fikira za Usambara zinapotupa kitu ambacho Salem haikuwa nacho. Washambaa, kama alivyoeleza mwanahistoria Steven Feierman katika vitabu vyake vya mwaka 1974 na 1990, walikuwa na semi mbili za kupimia utawala: kubana shi, ndiyo kuidhuru nchi, na kuzifya shi, ndiyo kuiponya. Mfalme hakuulizwa kwanza moyo wake ukoje. Iliulizwa kama mvua imenyesha kwa wakati, kama njaa imeondoka, kama watu wanalala bila ya hofu. Watawala walipogombana, nguvu kwa nguvu, ilisemekana kwamba nchi inadhurika, nayo kweli ilidhurika. Semi hizo hazikufa pamoja na ufalme. Baada ya mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilipowalazimisha wakulima wa Mlalo na kwingineko kuchimba matuta ya kuhifadhi udongo, na machifu wa Kikilindi wakawa wasimamizi wa amri hiyo, wakulima waliendelea kuwahukumu watawala wao kwa kipimo hichohicho cha uzima wa nchi.

Mpuritani huuliza, "Moyo wangu uko safi?" Mshambaa huuliza, "Nchi imepona?" Mimi naona kwamba swali la pili ndilo linaloyafaa zaidi makosa yaliyorithiwa. Aliyerithi hawezi kutubu kwa tendo ambalo hakulitenda; toba ya namna hiyo huwa kama kulia katika msiba wa watu usiowajua. Lakini aweza kuponya. Na aliyeungama vizuri huku nchi ingali inaumwa, hajalipa.

Tumpime Hawthorne kwa kipimo hicho, naye atatuhuzunisha. Katika mwaka uleule wa 1850 alipoitoa The Scarlet Letter, bunge la nchi yake lilipitisha sheria ya kuwarudisha kwa mabwana zao watumwa waliotoroka. Mwaka 1852 Hawthorne aliandika kitabu cha kumnadi rafiki yake Franklin Pierce aliyegombea urais, na humo aliishauri nchi iache utumwa uondoke wenyewe kwa wakati wake, bila ya watu kuushambulia. Pierce alishinda, na mwandishi akapewa ubalozi mdogo wa Liverpool. Aliomba radhi kwa waliokwisha kunyongwa miaka 160 iliyotangulia, lakini waliokuwa wamefungwa minyororo siku ile hawakupata kwake neno la kuwafaa. Sisemi hayo ili kumshusha. Riwaya zake ni kubwa, na ukubwa huo wabaki. Nasema ili tuone jinsi kuwalilia wafu kulivyo rahisi. Wafu hawatudai chochote cha leo.

Abdallah je? Huyu hakuomba radhi, wala hatuoni kwake kilio cha nafsi kama kile cha dibaji ya Salem. Yeye alisimulia. Aliyatia katika maandishi mambo ya wale waliomlisha: hila zao, vita vyao vya ndugu kwa ndugu, uasi uliowapata na sababu zake. Mtumishi angaliweza kuandika sifa tupu, na mabwana wengi wameandikiwa hivyo. Hata hivyo, kipimo chetu hakimwachi naye apite bure. Alikuwamo katika mambo hayo, akala katika sahani ile, na kalamu yake iko karibu zaidi na baraza ya mfalme kuliko na mnyororo wa mateka. Tena kitabu chenyewe kina majina mengi sana ya watawala na vita vyao. Hadithi ya Mbegha, ambayo ingaliweza kuwa onyo kwa wenye nguvu, yaweza vilevile kusomwa kama hati ya ufalme: kwamba Wakilindi walikaribishwa, basi watawale daima. Waingereza walipoanzisha utawala kwa njia ya machifu katika miaka ya 1920 waliwarudishia Wakilindi mamlaka, nayo yaliendelea mpaka uchifu ulipofutwa katika Tanganyika huru mwaka 1963. Maandishi yasemayo kweli hayajilindi yenyewe. Yanahitaji msomaji mkweli.

Yuko atakayesema kwamba kipimo cha kuponya nchi kina hatari yake. Mtawala katili aweza kudai kwamba nchi imetulia, mvua inanyesha, basi asiulizwe amemwaga damu ya nani. Hoja hiyo ni ya haki. Utulivu wa kaburini si afya. Kwa ajili hiyo sikitupi alichofanya Hawthorne. Jeraha halitibiwi na mganga asiyejua lilipo, na kusema kweli ndiko kulionyesha lilipo. Kusema bila ya kuponya ni maneno; kuponya bila ya kusema ni kufunika kidonda kingali na usaha. Mwandishi hufanya sehemu ya kwanza ya kazi, na wengine wote wamebakiwa na ya pili.

Salem yenyewe imetoa mfano wa kazi hiyo. Mwaka 1711 serikali ya koloni iliwafutia hatia wengi wa waliohukumiwa, ikazilipa fidia jamaa zao. Lakini si wote waliotajwa. Mwanamke mmoja, Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa lakini hakunyongwa, alibaki na hukumu yake katika sheria mpaka mwaka 2022, ndipo bunge la Massachusetts lilipomwondolea. Walioanzisha jambo hilo hawakuwa wajukuu wa mahakimu. Walikuwa wanafunzi wa shule na mwalimu wao, waliosoma historia ya mahali pao wakakuta jina limesahauliwa. Hawakujiita wenye hatia. Walijiona tu kuwa warithi wa mji, na wakaona kwamba katika hesabu za mji mna deni.

Mfano huo watuhusu sisi tusomao na kufundisha. Watawala wa Usambara walipata mwandishi wao. Waliouzwa kupitia Mazinde, wengi wao hawakuacha hata majina. Walio wazaliwa wa milima hii na wa Bonde wangali wanao wazee wanaokumbuka walichosimuliwa na wazee wao: nani alichukuliwa, shamba gani liliachwa, jamaa gani walihama. Kumbukumbu hizo zapungua kila anapozikwa mzee. Mwanafunzi aziandike, Mkilindi na asiye Mkilindi, bila ya kumwonea mtu aibu na bila ya kumtia mtu alama. Tukiishia kuhukumu, tutakuwa tumerudi kwenye jino na herufi. Tukiishia kunyamaza, tutakuwa tumekula ndizi za shamba lile tukijua limetoka wapi.